Uzi: Mwaka mmoja wa kufundisha uuguzi kwa podikasti na makundi ya WhatsApp hapa Tabora

Mkufunzi wa Zamu (mleta uzi)

Wana jukwaa, mwangaluka.

Mimi ni muuguzi mkunga. Nilikaa leba miaka tisa kabla ya kwenda kusomea ualimu, na sasa ni mkufunzi katika chuo kimoja cha uuguzi hapa mkoani Tabora. Wakufunzi wenzangu wengi wanaambiwa "wekeni masomo mtandaoni", halafu hakuna anayewaambia huko mtandaoni kunafanywa nini. Niliwaahidi wawili kati yao kwamba nitaandika tuliyopitia, nikaona heri niyaweke hapa ili na wengine wayachambue.

Nianze na shida yenyewe. Wanafunzi wa mwaka wa pili wakitoka darasani wanatawanyika kwenda mazoezini. Huyu yuko Kitete, hospitali ya mkoa, wale wawili wako Nzega, yule yuko zahanati ya ndani kabisa huko Sikonge, mwingine Kaliua. Kwa wiki sita, wakati mwingine nane, mkufunzi anawafikia mara moja au asiwafikie kabisa. Aliyebahatika kupata inchaji (muuguzi kiongozi wa wodi) mwenye moyo anarudi mkono umeiva. Aliyekosa anarudi anajua kutandika vitanda na kupeleka sampuli maabara. Wote watafanya mtihani uleule, na wote siku moja watabaki peke yao usiku na mama anayetoka damu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, tulirusha noti kwenye WhatsApp: picha za kurasa, mafaili ya kurasa 60. Vilipofunguliwa Juni nikauliza darasani nani amesoma. Ikanyooka mikono minne. Nikajua kwamba kurusha si kufundisha, lakini sikujua nifanye nini badala yake.

Mwaka jana nikaanza kurekodi sauti. Narekodi stoo, penye magodoro, kwa sababu godoro linameza mwangwi. Mwezi wa kwanza niliharibu. Kila kipindi kilikuwa dakika 25, nasoma noti zilezile kwa sauti ya kuhutubia. Binti mmoja, Mungu ambariki kwa ukweli wake, akaniambia, "Madam, ile sauti yako naifungua nikiwa kitandani. Dakika ya sita nimeshalala."

Nikafuta vyote. Nikapunguza hadi dakika 8, jambo moja tu kwa kipindi. Naanza na mgonjwa wa kutunga, natembea naye mpaka mahali pa kuamua, kisha nauliza swali na kunyamaza. Jibu silitoi. Vipindi vinatoka Jumapili jioni. Mpaka Jumatano kila mmoja katika kundi lake la watu sita awe amejibu kwa sauti yake, isizidi dakika moja, na haruhusiwi kusikiliza ya mwenzake kabla hajatuma yake. Alhamisi mmoja wao, kwa zamu, anasikiliza zote sita na kuandika jibu la kundi, pamoja na pale walipopingana. Jumamosi makundi yanabadilishana majibu. Mimi naingia Jumamosi jioni, si kabla. Hili la kunyamaza wiki nzima lilinishinda mwanzoni. Nilikuwa nikisikia mtu amekosea vidole vinawasha kuandika. Lakini nikishasema tu, mjadala unakufa, kila mtu anaandika "asante madam".

Makundi nayachanganya makusudi: wa hospitali ya mkoa na wa zahanati pamoja. Wa Kitete anaona damu ikiongezwa, wa zahanati anaona jinsi ya kumpa mama rufaa barabara ikiwa imekatika na mvua. Kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake hana, na ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza wanafunzi wakiulizana maswali ambayo mimi sikuwa nimeyawaza.

Kwa nini namlazimisha aseme kabla hajasaidiwa? Kuna jaribio la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani, la mwaka 2006. Wanafunzi walisoma kifungu. Wengine wakakisoma tena, wengine wakafunga karatasi na kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojilazimisha kukumbuka ndio waliokuwa mbele. Dakika tano baadaye bado uko darasani. Wiki moja baadaye uko wodini.

Sasa niwaeleze kisa kilichonifanya niamini. Nilirekodi kipindi cha kifafa cha mimba, dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti, ile gramu 4 ya mshipani. Dawa inakuja ya asilimia 50, unaishusha iwe ya asilimia 20: unavuta mililita 8 za dawa, unaongeza mililita 12 za maji ya sindano, jumla 20. Mimi kwa uchovu wa usiku nikasema "mililita 8 za dawa na mililita 20 za maji". Nikakirusha hivyo hivyo. Jumatatu asubuhi, saa moja kasoro, ikaingia sauti ya kijana aliyekuwa Sikonge. Nyuma yake nasikia mvua juu ya bati. Anasema taratibu, kwa heshima: "Madam, samahani. Nimeshika bomba la sindano hapa. Linabeba 20. Nane na ishirini ni ishirini na nane. Zile nane zinazobaki naziweka wapi?"

Nilikaa chini. Hebu fikirini. Mtu akichanganya 28 kisha akampa mama 20 zinazoingia bombani, mama anapata chini ya gramu 3 badala ya 4, na degedege linaendelea. Nikafuta kipindi, nikawapigia viongozi wa makundi mmoja mmoja, nikarekodi upya nikieleza kosa langu lilikuwa wapi. Kama ningekuwa narusha tu sauti na wao wanapokea, kijana yule asingekuwa na pa kujibu, na kosa lile lingekaa kwenye simu za wanafunzi 70. Tangu siku hiyo hakuna kipindi chenye dozi kinachotoka bila mkufunzi mwingine kukisikiliza akiwa na mwongozo wa Wizara mkononi.

Ya wiki hii nawapa na nyinyi: Mama amejifungua dakika kumi zilizopita, kondo la nyuma limetoka lote. Uko zahanati, saa nane usiku, zamu ni wewe na mlinzi. Unaona khanga imelowa na damu bado inatiririka. Mikono yako inaanza na nini, na inafuata nini? Jibuni kabla hamjasoma ya wenzenu.

---

Matroni Mstaafu

Mwanangu, nimesoma mpaka mwisho, na hilo la kukiri kosa nimelipenda. Ila nina wasiwasi. Nimefanya kazi hii miaka 34. Uuguzi ni mkono. Mkono haujifunzi kwa sikio. Nimepokea vijana wanaoeleza hatua za kumfufua mtoto vizuri kuliko mimi, ukiwapa ambu bagi, ule mfuko wa kumpulizia hewa, wanaikandamiza usoni mwa mtoto hewa inatoka pembeni. Msije mkapunguza siku za wodini mkasema wamesikiliza.

Mkufunzi wa Zamu

Shikamoo mama. Umegusa penyewe. George Miller mwaka 1990 alichora piramidi ya kupima mtu wa tiba: chini kabisa anajua, juu yake anajua jinsi, juu tena anaonyesha, kileleni anatenda. Sauti na mjadala vinakufikisha ngazi ya pili. Ya tatu na ya nne ni mdoli na mgonjwa, hakuna njia ya mkato, na siku za wodini hatujapunguza hata moja.

Lakini mama, ushahidi wa hapa kwetu ndio unaonipa moyo na vipindi vifupi. Hospitali ya Haydom, kule Mbulu, waliwafundisha wahudumu kwa siku moja jinsi ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Kwenye mdoli wakafanya vizuri. Leba, kwa watoto wenyewe, utendaji haukubadilika. Utafiti huo ulitoka 2013. Baadaye wakageuza: mdoli ukakaa karibu na leba, mazoezi yakawa ya dakika chache lakini ya mara kwa mara. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka takribani 11 hadi 7 kwa kila 1,000, matokeo yakachapishwa 2015. Semina ya siku nzima haikufua dafu, dakika chache za kila mara zikafanya kazi. Kwa hiyo kipindi changu cha mtoto asiyepumua kinaishia na agizo: nenda kamwombe inchaji ambu bagi, ukae na mdoli au hata mto mdogo, ufunike barakoa mpaka hewa isitoke pembeni, mtu akuangalie, aandike jina lake kwenye daftari lako la mazoezi.

Matroni Mstaafu

Marahaba. Hapo nimekuelewa. Kama kuna mtu wa kuangalia mikono, endeleeni. Na hao mainchaji mnawaandaa? Maana inchaji akimwona mwanafunzi na hedifoni masikioni anajua anasikiliza bongofleva, atamfukuza wodini.

Mkufunzi wa Zamu

Yametokea, mama, mara mbili. Sasa hatusikilizi tukiwa wodini kabisa. Na kila inchaji anayepokea wanafunzi wetu tunamtumia kipindi siku moja kabla yao. Wengine wameanza kujibu swali wao wenyewe, na majibu yao ndiyo wanafunzi wanayoyapenda kuliko yangu.

---

Bando la Wiki

Mimi ni mwanafunzi, si wa chuo chako. Kwetu walituambia tuangalie video. Bando la wiki linaisha siku mbili. Wasio na simu janja wanakaa tu wanatuangalia. Hii ya sauti inakula kiasi gani?

Mkufunzi wa Zamu

Mdogo wangu, hesabu ni hii. Ninahifadhi sauti kwa kilobiti 32 kwa sekunde, chaneli moja. Ni kilobaiti 4 kila sekunde, dakika 8 ni sekunde 480, kwa hiyo kipindi kizima hakifiki megabaiti 2. Video ya megabiti 1 kwa sekunde, urefu uleule, ni megabaiti 60. Sauti ya mtu anayezungumza haihitaji ubora wa muziki, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kulalamika.

Wenye kiswaswadu tunawawekea kwenye memori kadi, vinacheza vizuri. Kujibu ndiko kugumu. Tunachofanya, anapiga simu kwa mwenzake wa kundi, anasema jibu lake, mwenzake anarekodi kwa idhini yake na kulituma kwa jina lake. Si kamilifu. Inamtegemea mtu mwenye dakika za kupiga. Nimepeleka ombi chuoni watuwekee simu mbili za kuazimana, bado nasubiri.

Kijana wa Cheyo

Samahani kama nauliza la kitoto. Hiyo podikasti ina tofauti gani na voisi ya WhatsApp?

Mkufunzi wa Zamu

Si la kitoto. Podikasti ni mfululizo wa vipindi vya sauti ambavyo msikilizaji anajiandikisha mara moja, kisha kila kipya kinamfikia chenyewe kwenye programu yake, anakihifadhi, anakisikiliza hata bila mtandao. Sisi tunaviweka huko na pia tunavirusha WhatsApp kama faili. Faida ya kuwa na mfululizo ni kwamba mwaka wa pili wa mwaka huu wanasikiliza kile cha magnesiamu cha mwaka jana bila mimi kukitafuta kwenye simu.

---

Mwalimu Mwenzio

Nafundisha pia, mkoa wa jirani. Maswali mawili. Unarekodi kwa lugha gani, maana mtihani ni wa Kiingereza? Na nani anakulipa? Mimi nilijaribu, dakika kumi zilinichukua jioni mbili.

Mkufunzi wa Zamu

Ndugu yangu, lugha ilitugawa ofisini. Nilianza na Kiingereza kwa hoja hiyo hiyo ya mtihani. Majibu yakawa ni sentensi za kitabuni zilizokaririwa. Nikahamia Kiswahili, majina ya dawa na ya vipimo nikiyaacha kama yalivyo kwenye mtihani, na hapo hapo nikaanza kusikia wanavyofikiri. Mwanafunzi aliyekuwa akisema maneno kumi kwa Kiingereza akamaliza dakika nzima kwa Kiswahili, na ndani yake nikagundua hajui kwa nini tunapima mkojo wa mama aliyepewa magnesiamu. Kwa Kiingereza alikuwa amenificha. Alhamisi yule mwandishi wa zamu anaandika jibu la kundi kwa Kiingereza, ili mtihani usiwashike ghafla. Mama wa Kaliua anayeuliza "nesi, mwanangu ana nini" hatajibiwa kwa Kiingereza.

La malipo, hakuna anayenilipa. Dakika 8 zinanila saa tatu: kuandika, kurekodi, kukata, na mwenzangu kukagua. Kwenye mzigo wangu wa vipindi hazihesabiwi popote. Nasema wazi kwamba hili si haki, na kazi inayotegemea moyo wa mtu mmoja itakufa siku akihamishwa. Vyuo vikitaka jambo hili liishi, saa hizo ziingie kwenye ratiba.

---

Nesi wa Ussoke

Naomba uzungumzie siri za wagonjwa. Nimo kwenye kundi moja la mafunzo, jana mtu ametupia picha ya kidonda, na kitambulisho cha mgonjwa kinaonekana mkononi. Nilimwandikia pembeni aifute, akasema "ni kwa ajili ya kujifunza".

Mkufunzi wa Zamu

Dada, umefanya vema, na usichoke kumwambia. Lilitupata na sisi mwezi wa tatu: mwanafunzi alipiga picha kadi ya kliniki ya mama, jina, kijiji, na majibu ya vipimo vyote, akaituma kundini kuuliza swali zuri tu kuhusu wingi wa damu. Watu sita, lakini simu za wanafunzi zinashikwa na ndugu, wapenzi, mafundi. Mji wetu ni mdogo. Yule mama angeweza kuwa shangazi wa mmoja wao.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye taarifa nyeti. Na hata kabla ya sheria hiyo, maadili ya uuguzi yalishatukataza. Kwetu sasa hakuna picha ya mgonjwa wala ya karatasi yake. Jina, kijiji, tarehe na kituo vinatolewa, na umri unasogezwa. Anayekosea anaifuta, anamweleza inchaji, na tunaongea naye ana kwa ana, hatumwaibishi kundini. Wagonjwa wa kwenye vipindi vyangu wote ni wa kutunga kutokana na wengi niliowahudumia.

Mwaka wa Pili

Mimi nimo kwenye hayo makundi ya madam. Naomba niseme la kwetu. Mwanzo nilikuwa natuma jibu fupi makusudi, nikiogopa kuchekwa sauti. Kilichonibadilisha ni mwenzangu wa Nzega, alinipigia akaniambia "jibu lako lilikuwa sahihi kuliko langu, kwa nini ulilimaliza haraka hivyo?" Siku hizi narekodi nikifua yunifomu, natafakari kwanza nikiwa nafua, kisha nakausha mikono nasema. Wasiosema bado wapo, wawili kwenye kundi letu. Sijui tuwafanyeje.

Mkufunzi wa Zamu

Nimewasikia hao wawili, mwanangu. Mmoja anajibu vizuri sana kwa maandishi, basi aandike. Wa pili niachie, nitakwenda alipo wiki ijayo.

---

Mwambao Kusini

Habari za huko. Niko Kigoma, zahanati ya mwambao wa ziwa, wilaya ya Uvinza. Huku kufika mjini ni boti, na mtandao unapatikana ukipanda kilima nyuma ya shule. Nimesoma uzi nusu jana, nusu leo. Tuko wahudumu watatu. Nitaomba vipindi hivyo kwa memori kadi, kuna mtu anakuja na boti Ijumaa.

Jibu la swali, sijasoma ya mtu. Napiga ukelele kumwita mlinzi. Mlinzi anapiga 115, ya m-mama, usafiri wa dharura wa akina mama, huku mimi mkono mmoja uko tumboni nakanda mfuko wa uzazi ukaze. Oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, uniti 10 sindano ya msuli. Naweka laini ya dripu, maji yanaingia. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu isitoke, gramu 1 mshipani taratibu, kwa dakika kumi, maana bado tuko ndani ya saa tatu tangu ajifungue. Naangalia kama kuna mchaniko, naangalia kondo tena. Damu isiposimama tunaondoka, nikiendelea kukanda ndani ya boti.

Mwalimu Mwenzio

Jibu safi. Ningeuliza tu, unangoja oksitosini ishindwe ndipo uende kwenye traneksamiki?

Mwambao Kusini

Sisubiri. Zamani tulifundishwa kimoja baada ya kingine. Sasa mwenzangu anachoma, mimi nakanda. Nikiwa peke yangu nabadilisha mikono.

Mkufunzi wa Zamu

Hapo ndipo utafiti wa E-MOTIVE ulipo. Ulichapishwa 2023, na Tanzania ilikuwamo pamoja na Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Walipima damu mapema kwa mfuko maalumu unaowekwa chini ya mama, kisha wakafanya yote kama fungu moja: kukanda, oksitosini, traneksamiki, maji, kuchunguza na kuita msaada. Kutoka damu kuanzia lita 1, kupasuliwa tumbo kwa ajili ya damu na kifo kwa damu, vyote vikihesabiwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 60. Dada wa Mwambao, jibu lako nitaliomba nilirekodi kwa kipindi kijacho. Lakini kuna kitu kimoja umekiruka. Sitakisema. Wanafunzi wangu mmo humu.

Mwaka wa Pili

Kibofu, sista. Mkojo umeutoa? Kikijaa, mfuko wa uzazi haukazi hata ukikanda mpaka asubuhi.

Mwambao Kusini

Sikuutoa. Ni kweli, mdogo wangu. Katheta tunazo, ziko kabati la chini, mbali na kitanda. Kesho nazihamishia kwenye trei ya dharura.